Pumu ya ngozi ya mikononi na bakteria wanaoishi humo: niliyoyaona kwenye sahani ya maabara

#1 Binti_Sahani

Habari zenu wanajamvi.

Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha. Jana kwenye daladala kulikuwa na kaka anajikuna mgongo wa mkono mpaka damu, na mwenzake akawa anamshauri: "Loweka kwenye maji ya jiki, hao ni wadudu tu." Nilishuka kituoni na huzuni, kwa sababu ushauri wa namna hiyo niliufuata mimi mwenyewe kwa miaka miwili. Acha niandike. Ni mrefu, nivumilieni.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, huu mwaka wa kumi na moja kazini. Kazi yangu ni glavu, sabuni, spiriti, halafu glavu tena. Miaka minne iliyopita vidole vya mkono wa kulia vilianza kutoa vilengelenge vidogo kama punje za ulezi, ubavuni mwa kidole cha shahada na cha kati. Vinawasha, usiku ndiyo balaa. Vikipasuka vinatoa maji, halafu ngozi inakauka, inakuwa nene, inachanika palepale kwenye kiungo. Ndiyo pumu ya ngozi ya mikono, wengine huiita ukurutu. Aliyewahi kukamua ndimu na kidole kimechanika ananielewa.

Kwa akili ya maabara, nikasema hawa ni bakteria, nitawaua. Sabuni ya dawa asubuhi na jioni. Spiriti. Maji ya chumvi ya moto. Na ule mrija wa dawa ya kupaka wenye dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), niliouziwa duka la dawa bila mtu kuniomba hata nifunue mkono. Unatuliza wiki moja, ukiacha tu ugonjwa unarudi na nguvu mpya.

Siku moja, kwa ruhusa ya mkuu wangu wa kazi, nikajipima. Nilipitisha pamba kwenye mpasuko wa kidole, nyingine puani, nyingine kwenye kiganja cha kushoto ambacho kilikuwa kizima. Nikaotesha kwenye sahani za damu, yaani sahani za maabara zenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na damu. Kesho yake asubuhi sahani ya mpasuko ilikuwa imejaa makoloni (vishada vya bakteria) ya mviringo yanayong'aa, rangi ya siagi inayoelekea dhahabu, mengi yakiwa na duara angavu pembeni ambapo damu imeyeyushwa. Nikachota koloni kwa kijiti, nikaliweka kwenye kioo na kudondoshea haidrojeni peroksaidi, likatoka povu papo hapo. Nikachanganya jingine na plazma (majimaji ya damu) kwenye kichupa cha majaribio, nikakiacha kwenye joto. Baada ya saa nne nilikiinamisha, plazma haikumwagika. Imeganda.

Huyo ni stafilokokasi aureusi. Nitamwita aureusi kwa ufupi, na jina hilo ni la rangi yake ya dhahabu, alipewa mwaka 1884. Sahani ya pua nayo ilikuwa na yeye. Sahani ya kiganja kizima ilikuwa na makoloni meupe madogo, wengi wao epidemidisi, yule ndugu yake anayeishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu bila ugomvi.

Nikaona nimemkamata mwizi. Nikaipeleka ile ripoti kwa daktari wa ngozi, mtu aliyesomea pale Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC (kilianza 1992, na kimefundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika). Akaisoma, akaiweka mezani, akashika mkono wangu akaugeuza huku na huku chini ya taa. Akaniuliza: "Huyu aliingilia mlango gani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimesoma sana, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kiganja si kama ngozi nyingine. Hakina kabisa vitezi vya mafuta, kwa hiyo mafuta yake ya kujilinda ni haba tangu mwanzo. Kinachokilinda ni tabaka nene la seli zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna mafuta ya asili yanayoshika kazi ya udongo wa kujengea. Juu ya hapo ngozi nzima ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) karibu 4.5 hadi 5.5. Sabuni ya mche iko 9 hadi 10. Ukinawa mara moja, ngozi inajirudishia uchachu wake. Ukinawa mara thelathini kwa siku, haipati nafasi. Wajerumani kwa miaka mingi waliweka mpaka: mikono ikiwa majini au ndani ya glavu zaidi ya saa mbili kwa siku, au ukinawa zaidi ya mara 20, kazi yako ilihesabiwa kuwa kazi ya majimaji na ngozi yako iko hatarini. Nilipojihesabu mimi nilikuwa nimepita huko kabla ya saa sita mchana.

Wapo pia wanaozaliwa na ukuta dhaifu. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kuwa kasoro kwenye jeni la protini iitwayo filagrini inamweka mtu kwenye hatari ya pumu ya ngozi. Kwa Waafrika kasoro hizo zimekutwa kwa uchache kuliko kwa Wazungu, lakini pumu ya ngozi kwetu ipo tele, kwa hiyo njia za kufika huko ni nyingi.

Sasa ndipo aureusi anapoingia. Kwenye ngozi yenye afya hana makazi mazuri: uchachu haumpendezi, na wenyeji, yaani bakteria wa kawaida wa ngozi, hawamtaki. Si maneno matupu haya. Mwaka 2017 timu ya San Diego, Marekani, ilionyesha kuwa baadhi ya stafilokokasi wenyeji, wakiwemo hominisi na epidemidisi, hutengeneza protini zinazomuua aureusi, na kwamba wagonjwa wengi wa pumu ya ngozi wamepungukiwa na wenyeji hao. Mimi kila nilipomwaga spiriti kwenye mpasuko nilikuwa naua walinzi pamoja na mwizi, na mlango nimeuacha wazi.

Akishaingia hakai kimya. Ana sumu zinazotoboa seli, nyingine zinazoamsha kinga ya mwili kupita kiasi. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard waligundua kitu kilichonishtua: ana kimeng'enya, V8, ambacho huchokoza mishipa ya fahamu ya ngozi moja kwa moja na kuleta mwasho. Yaani bakteria mwenyewe anakufanya ujikune, unajikuna, ukuta unabomoka zaidi, anaongezeka. Huko Denmark walipochukua sampuli mikononi mwa wagonjwa wa ukurutu wa mikono, karibu nusu walikuwa naye, wakati kwa wenye mikono mizima alikutwa kwa wachache sana. Na waliokuwa naye ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo hatumsingizii, ni mkorofi kweli. Ila daktari wangu hakuniandikia antibiotiki. Aliniandikia steroidi ya kupaka yenye nguvu, ya mafuta na si ya maji, usiku tu, kwa muda maalumu, akieleza kuwa ngozi ya kiganja ni nene na dawa laini ya mtoto haipenyi. (Dawa hiyohiyo usoni ni hatari, msichukue hapa mkajipake.) Na mafuta ya mgando kila baada ya kunawa, mkono ukiwa bado na unyevu. Nilimwuliza: na bakteria? Akasema uvimbe ukishuka na ngozi ikafunga, wengi wao wataondoka wenyewe. Nilidhani ananituliza. Nimekuja kusoma kuwa Uingereza waliwahi kuwajaribu watoto 113 wenye pumu ya ngozi iliyoonekana kuingiwa na bakteria kwa kiasi kidogo, wote wakipewa steroidi ya kupaka, baadhi wakaongezewa antibiotiki ya kunywa au ya kupaka. Matokeo yalichapishwa 2017: walioongezewa antibiotiki hawakupata nafuu ya maana kuliko wenzao.

Naomba niishie hapo kwanza, nijibu maswali.

#2 Fundi_Mwiko

Dada shikamoo kwa kazi hii. Mimi fundi uashi, Dodoma. Mikono yangu ni kama gome la mwembe, imechanika yote. Wenzangu wanasema ni saruji, mke wangu anasema ni fangasi. Je na mimi nina huyo wa dhahabu?

#3 Binti_Sahani

Marahaba kaka. Bila kuona siwezi kusema, ila saruji mbichi ni kali, pH yake inapita 12, inaunguza ngozi taratibu hata usipohisi. Halafu saruji ina madini ya kromiamu, na mwili wa mtu unaweza kujenga mzio nayo. Ukishaujenga, hata saruji kidogo inaamsha. Denmark walianza kuweka madini ya chuma kwenye saruji mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuidhoofisha hiyo kromiamu, na mzio kwa mafundi wao ukapungua. Umoja wa Ulaya wote ukaweka sheria 2005.

Kuhusu fangasi: angalia miguu. Fangasi wa mkono mara nyingi hushika kiganja kimoja tu, kikavu chenye unga, na miguu yote miwili ikiwa nayo. Kwako ni mikono yote miwili au mmoja?

#4 Fundi_Mwiko

Yote miwili. Miguu mizima.

#5 Binti_Sahani

Basi mimi ningeanza na saruji. Vaa glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo, usitumie za kitambaa maana zikilowa saruji zinaishikilia kwenye ngozi siku nzima. Osha mara tu unapomaliza, paka mafuta ya mgando. Usikubali kusafisha mikono kwa petroli au tina. Na ukipata nafasi mwone daktari wa ngozi akupime mzio.

#6 Mwana_wa_Forodhani

Assalaam aleykum. Mie niko Unguja. Bibi harusi mmoja wa kwetu alipakwa piko, siku ya tatu mikono ikafura malengelenge yakafuata ua lote kama limechorwa upya kwa moto. Watu wakasema amefanyiwa kijicho. Hii nayo ni bakteria?

#7 Binti_Sahani

Waaleykum salaam. Pole yake. Ua kuchorwa upya kwa malengelenge ni alama ya mzio kabisa. Hina safi ya majani inatoa rangi ya chungwa au kahawia na haina shida kubwa. Piko nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD kwa kifupi, na hiyo ni kati ya vitu vinavyoongoza kwa mzio wa ngozi. Tatizo ni kwamba mzio huu kwa kawaida haumwachi mtu. Mwambieni asije akapaka rangi nyeusi ya nywele hata miaka kumi baadaye, kichwa na uso vinaweza kuvimba vibaya. Bakteria hapo huja nyuma, malengelenge yakishapasuka. Asiyatumbue.

#8 Sista_Zamu_ya_Usiku

Binti_Sahani, nimekusoma vizuri na mengi nakubali, mimi muuguzi. Lakini nina wasiwasi na pale uliposema antibiotiki hazikusaidia. Humu wanasoma watu wa kila namna. Mimi nimempokea mama aliyekaa na mkono wa pumu ya ngozi nyumbani wiki nzima akipaka mafuta, kaja umevimba mpaka kiwiko, homa, na mtoki kwapani. Huyo alihitaji sindano, si mafuta ya mgando.

#9 Binti_Sahani

Sista, umenirekebisha mahali panapostahili na nakushukuru. Wale watoto wa Uingereza walikuwa na maambukizi madogo, wenye hali kali hawakuingizwa. Basi nieleze kwa uwazi: mkono ukitoa usaha, ukitengeneza gamba la rangi ya asali, uvimbe ukasambaa na kuwa wa moto, maumivu yakapita mwasho, homa au mtoki ukatokea, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Na ikiwezekana waoteshe kwanza kabla ya dawa, maana aureusi sugu kwa dawa wapo hapa hapa kwetu, nawaona kwenye sahani kila wiki.

Jambo jingine sista utaniunga mkono. Vitabu vingi vinafundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, au unaonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi. Shika. Joto na ugumu chini ya kidole vinasema zaidi ya rangi.

#10 Sista_Zamu_ya_Usiku

Hapo sawa. Na hili la vitakasa mikono, sisi wodini tufanyeje? Spiriti inachoma kama pilipili.

#11 Binti_Sahani

Inachoma kwa sababu ngozi imeshachanika. Kwenye ngozi nzima, kitakasa chenye glisirini kinakausha kidogo kuliko sabuni na maji, ndiyo maana fomula ya Shirika la Afya Duniani ina glisirini asilimia 1.45. Kosa tunalolifanya wengi ni kunawa kwa sabuni na kupaka kitakasa hapo hapo. Mikono haina uchafu unaoonekana? Kitakasa peke yake kinatosha. (Kwa mgonjwa wa kuhara sabuni na maji ni lazima, hilo unalijua kuliko mimi.) Ila mpasuko ukiwa wazi usijitese: ufunge, utibiwe, na kama inawezekana ubadilishiwe majukumu siku hizo chache. Na pete tuivue jamani, sabuni inajificha chini yake.

#12 MamaLishe_Msamvu

Naomba kuuliza lakini kwa aibu. Mimi napika, nina kibanda changu stendi. Mikono yangu ndiyo hiyo hiyo mliyoisema, na kidole gumba kina kidonda kinachotoa maji ya njano. Wateja wameanza kuangalia vidole vyangu nikiwapa sahani. Je naambukiza watu?

#13 Binti_Sahani

Mama yangu, hakuna aibu, umeuliza swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu.

Pumu ya ngozi yenyewe haiambukizi. Mteja akikushika mkono hapati pumu ya ngozi. Hilo uwaambie ukiwa umesimama wima.

Lakini kidonda kinachotoa maji ya njano kinaweza kuwa na huyu aureusi, na yeye akiangukia kwenye chakula ni habari nyingine. Chakula kikikaa vuguvugu kwa saa kadhaa, tuseme wali uliobaki kwenye sufuria, nyama iliyochambuliwa kwa mkono, maziwa au kachumbari ya mayonezi, anazaliana na kutoa sumu ndani ya chakula. Ukikichemsha upya unamuua yeye, ila sumu yake inastahimili moto, inabaki. Mtu anakula na ndani ya saa chache, hata nusu saa, anatapika mfululizo. Huwa tunamsikia mtu akisema "nilikula kiporo lakini nilikipasha vizuri". Kupasha hakukumsaidia.

Kwa hiyo mama: leo hicho kidole kifungwe kwa plasta isiyopenya maji na juu yake glavu, na usiguse chakula kilichokwisha iva kwa mkono huo. Kama una binti wa kukusaidia, yeye apakue, wewe kaa jikoni kwenye moto. Kesho nenda kituo cha afya. Vyombo oshea glavu za mpira zenye za pamba ndani, uzivue kila baada ya dakika ishirini hivi ili mikono isitoke jasho. Vitunguu saumu, nyanya, ndimu na pilipili vinachokoza ngozi iliyochanika, vikatwe na mwenye mikono mizima kwa sasa.

#14 MamaLishe_Msamvu

Asante mwanangu. Na jiki? Naambiwa niloweke.

#15 Binti_Sahani

Hapana mama. Ile ya chupa ni kali, inamenya ngozi. Yapo matibabu ya kuoga maji yenye jiki kidogo mno, karibu asilimia 0.005, yaliyotumika kwa watoto wenye pumu ya ngozi, lakini hata hayo yalipolinganishwa na kuoga maji matupu tofauti haikuwa kubwa. Jiki ibaki kwenye sakafu, na hata huko uvae glavu.

#16 Kijana_wa_Takwimu

Mkuu, umesema wenyeji wazuri wanamuua aureusi. Kwa nini basi wasituuzie hao wenyeji kwenye mrija tupake?

#17 Binti_Sahani

Wanajaribu. Timu ileile ya San Diego ilichukua hominisi mmoja, ikampaka kwa wagonjwa wachache, na majibu ya kwanza yalitoka 2021. Aureusi alipungua. Bado ni utafiti, hayo si ya kununua dukani, na atakayekuja kukuuzia mtandaoni usimpe hela.

Ugumu ninaouona mimi ni kuwa mkono haukai na watu walewale. Mwaka 2008 huko Colorado walipima viganja 102 vya wanafunzi 51, wakakuta aina zaidi ya 4,700 za bakteria, kila kiganja wastani wa aina 150. Kiganja cha kulia na cha kushoto cha mtu mmoja vilishirikiana aina asilimia 17 tu! Mkono unashika mlango, noti, mtoto, sabuni. Ukipanda mgeni leo, kesho ameoshwa. Kwenye dawa mpya, Ulaya waliidhinisha mwaka 2024 krimu iitwayo delgocitinib mahsusi kwa ukurutu sugu wa mikono. Inatuliza kinga ya mwili, haiui bakteria.

#18 Fundi_Mwiko

Dada, ulijipima tena baada ya hapo?

#19 Binti_Sahani

Nilijipima, mwezi wa tatu baada ya kuanza mafuta na steroidi. Kidole kilikuwa kimefunga, mistari ya ngozi imerudi, naweza kukunja ngumi asubuhi bila kusikia kitu kinachanika. Pamba palepale pa mwanzo, sahani ya damu ya aina ileile, saa 24 kwenye joto.

Makoloni meupe madogo, kama ya ule mkono wa kushoto. Nilitafuta ya dhahabu chini ya taa, nikaizungusha sahani mara tatu, sikuona hata moja.

Puani bado yupo.